Kezironi Bwambale, Mtu wa Masufuria

Ifikapo tarehe thelathini Juni, Ndugu Kezironi Bwambale atakabidhi ufunguo wa pikipiki, atavua beji yake na kustaafu baada ya kuitumikia Misheni ya Meza Moja, hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, kwa miaka ishirini na miwili. Mkurugenzi wetu, Mama Sylivia, ameniagiza niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu na sherehe ya kumuaga. Ameniomba niandike kwa heshima, kwa furaha, na nisijiingize sana ndani ya habari. Hayo mawili ya kwanza nitajitahidi. La tatu ni gumu, kwa sababu miaka yote hiyo mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake.

Kwa wasionijua, na ni wengi, jina langu ni Blasio Muhindo. Huko vijijini watu huniita "mwenzake". Tukipita sokoni Bwera, wabadilishaji fedha husimama na kuita, "Kezironi, habari ya leo," kisha mmoja mwenye adabu huongeza, "na mwenzako". Niseme mapema, msomaji asije akashangaa mbele ya safari: mtu huyu ninamwonea wivu. Nilianza juma la kwanza la kazi na sijapumzika.

Ndugu Kezironi alizaliwa Nyakiyumbu, mtoto wa mwinjilisti wa Kiprotestanti. Alifundisha shule ya msingi kabla ya kuja kwetu, ndiyo maana hadi leo akiona watu wanazungumza wakati anazungumza, hunyamaza na kuwatazama mpaka waone aibu. Anapenda viatu vinavyong'aa, na kitambaa cha kuvipangusia hakikosekani mfukoni. Kofia yake ya kijivu inajulikana kutoka Mpondwe hadi Kasese mjini. Anajua kuwa anapendwa, wala hajifanyi hajui.

Misheni yetu ilianzishwa na makanisa mawili, la Kiprotestanti na la Kikatoliki, baada ya miaka ambayo watu wa vilima hivi waliacha kuzikana. Kwetu mtu anaweza kukununia, akakunyima chumvi na njia ya kupitia shambani kwake, mkawa bado majirani. Asipokuja kwenye matanga yako, hapo ndipo mmeachana kweli. Kwa hiyo waanzilishi waliamua kwamba kazi ifanywe na watu wawili wawili, Mprotestanti mmoja na Mkatoliki mmoja, na wapewe pikipiki moja. Padri alisema pikipiki moja inatosha kwa sababu ya upendo. Mchungaji alisema ni kwa sababu ya bei ya mafuta.

Majina yetu ya kuzaliwa hayamfichui mtu. Bwambale ni mwana wa pili wa kiume, awe wa nyumba ya Padri au ya Mchungaji. Ya ubatizo ndiyo yanayotutenga. Ukisikia Kezironi unajua huyo ni wa Kiprotestanti. Ukisikia Blasio unajua rozari iko mfukoni. Tuliajiriwa siku moja, kwa mshahara mmoja, na leseni ya pikipiki alikuwa nayo yeye. Fahali wawili hawakai zizi moja, wanasema wahenga. Hawakutuambia lolote kuhusu fahali wawili kwenye kiti kimoja.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Tulikwenda kusuluhisha ugomvi wa uwanja wa shule, Kezironi akawasemea Waprotestanti, mimi nikawasemea Wakatoliki, na baada ya muda mfupi tukawa sisi wawili ndio tunaopigana maneno huku wenyeji wakitutazama. Mama mmoja aliyekuwa akitwanga muhogo alituambia kuwa mambo hayo wanaweza kuyafanya wenyewe bila kuagiza watu Bwera. Tuliporudi mafuta yaliisha njiani, tukasukuma pikipiki kwenye mlima tukilaumiana. Mmoja wetu akasema kwa hasira kwamba hata angeambiwa awasemee wa upande wa pili, angewasemea vizuri kuliko huyu mwenyewe. Tukasimama na kutazamana.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa desturi ya kazi yetu: kila mtu husemea kanisa la mwenzake. Tukifika penye ugomvi, mimi Blasio, Mkatoliki, husimama kuwasemea Waprotestanti. Kezironi huvua kofia, huiweka gotini, hukohoa kidogo, kisha huwasemea Wakatoliki kwa namna ambayo hata katekista wetu hawezi. Ni nani kati yetu aliyelitoa wazo hilo kule mlimani, mpaka leo hatujakubaliana. Jarida hili lina heshima zake, kwa hiyo nitasema tu kwamba nililitoa mimi.

Sasa nifike kwenye masufuria, maana najua wengi wameufungua ukurasa huu kwa ajili hiyo. Kanisa lolote huku lina masufuria yake makubwa ya matanga na harusi, na akina mama huyalinda kuliko sadaka. Huko Nyakiyumbu kuna kijiji ambacho kijito kimekigawa pande mbili, Wakatoliki upande wa juu na Waprotestanti upande wa chini. Masufuria ya juu yalikuwa na mstari wa rangi nyekundu, ya chini mstari wa buluu. Hata kama upande mmoja umefiwa na watu hawana cha kupikia, sufuria ya mstari mwingine haikuvuka kijito.

Tulipofungua jengo letu la ofisi, tuliazima masufuria pande zote mbili. Sherehe ilipokwisha, mimi ndiye niliyepewa gari la kukodi niyarudishe. Mke wangu Phionah, kama desturi inavyotaka, hakukubali chombo cha watu kirudi kitupu, akatia maharage katika kila sufuria. Masizi yalikuwa yamefunika ile mistari yote. Nikapeleka ya juu chini, na ya chini juu.

Akina mama walipika maharage wakala. Ni wakati wa kuosha ndipo rangi ilipotokea chini ya masizi. Bibi Medius, mwenyekiti wa akina mama wa Kiprotestanti, alikuja ofisini na hasira ya watu kumi, akataka kumwona mjinga aliyewalisha kutoka kwenye sufuria nyekundu. Nilikuwa natafuta maneno. Kezironi akavua kofia, akacheka, akamwambia kuwa sufuria haina kosa, ila sasa wamekula ndani yake, na wote wanajua chombo ulichokula ndani yake hakirudi kitupu.  Medius alikuwa mtu wa kugombana, lakini alikuwa mtu wa adabu pia, na adabu ilimshika pabaya.

Juma lililofuata akina mama wa chini walivuka kijito na sufuria nyekundu imejaa unga wa muhogo. Wakawakuta wa juu nao wako njiani na sufuria ya buluu imejaa ndizi. Walisalimiana kwenye kijito, kwa baridi, kama watu waliokutana hospitalini. Lakini walikuwa wamesalimiana. Tangu hapo ikawa kanuni yetu kila mahali: masufuria yakiazimwa hurudishwa upande usio wake, na hayarudi matupu. Kijiji baada ya kijiji kilituita. Walimwomba nani? Waliomba aje yule mtu wa masufuria, Kezironi.

Kosa lilikuwa langu, jamani. Maharage yalikuwa ya mke wangu. Kezironi alicheka tu. Leo kuna watoto watatu Nyakiyumbu wanaoitwa Kezironi, mmoja wao kabatizwa na Padri wetu, ambaye aliinua nyusi lakini akamwaga maji. Blasio hayupo hata mmoja. Kule Mubuku, kwenye mashamba ya mpunga, kuna beberu aliyeitwa Blasio kwa sababu ya ndevu, naye walishamla.

Kuhusu Mubuku, Kezironi nimpe haki yake. Wakulima wa mashamba ya kukodi walikuwa wakigombana kila Jumapili juu ya zamu ya maji ya mifereji. Aliyekwenda kusali alirudi akakuta mpunga wake umekauka na wa jirani unaogelea. Kezironi aliwapangia kwamba wakati wa misa Waprotestanti walinde maji ya Wakatoliki, na wakati wa ibada Wakatoliki walinde ya Waprotestanti. Mtu anayeshinda juani akilinda mpunga wa jirani huanza kuusifu kama wake. Niliwahi kumsikia Mkatoliki akimkemea mwenziwe wa kanisa moja kwa kuiba maji ya Mprotestanti, na kwa lugha ambayo haiandikiki hapa.

Katika kambi ya jeshi pia alipendwa, ingawa huko hatukufanya kazi kubwa. Kanisa lilikuwa moja, saa iliyotakiwa na pande zote ikawa ile ile, na wake wa wanajeshi walikuwa wameanza kufungiana mlango. Afande alituita, hakutupa hata nafasi ya kueleza desturi yetu. "Nyinyi watu ya Mungu, kaa chini. Moja atasali saa mbili, ingine saa ine. Kwisha." Kezironi akajibu, "Ndiyo, afande," kisha akamuuliza kwa upole yeye mwenyewe atakuja saa ngapi. Afande akasema Jumapili yeye analala. Walicheka pamoja mpaka afande akatutolea soda. Mimi nililetewa baadaye, isiyo baridi.

Mtu akiuliza Ndugu Kezironi ana kasoro gani, hapa sitaogopa. Anaimba kwenye pikipiki, na upepo humletea wa nyuma nyimbo zote pamoja na mate. Hakuwahi kuniachia niendeshe, akidai klachi ya pikipiki ile inamjua yeye peke yake. Kuku tuliopewa vijijini walikuwa wake kwa jina, na wangu kwa kubeba. Tukiwa katikati ya kusuluhisha watu hupenda kunipungia kidole mbele yao na kusema, "Ndugu Blasio, unajua kusoma, kusikia hujui." Nami hukasirika kwelikweli. Si mchezo wa kuigiza, kama wengine walivyodhani. Mara nyingi tuliondoka kijijini wenyeji wamepatana na sisi hatusemezani.

Mwezi wa nne mwaka huu, mgongo wake ulikataa. Daktari alimwambia barabara za mlimani basi, hata kama imebaki miezi miwili astaafu. Siku hiyo hiyo habari zikaja kutoka kile kijiji cha kijito kwamba Mzee Thembo, mume wa Bibi Medius, amefariki na watoto wake wamechimba makaburi mawili.

Nieleze hapa, maana ndoa yao ilikuwa ya mchanganyiko. Mzee Thembo alibatizwa Mkatoliki, lakini miaka yake ya mwisho alionekana Jumapili akienda na mkewe kanisa la chini. Mwana mkubwa, Crispus, ni Mkatoliki kama baba. Mdogo, Bright, ni Mprotestanti kama mama. Crispus alichimba upande wa juu wa shamba la kahawa, kando ya kaburi la babu. Bright alichimba upande wa chini, panapoelekea kanisa la mama yake. Maiti ilikuwa sebuleni, na jua lilikuwa linapanda.

Nilichukua pikipiki mwenyewe. Nikiri kwamba njiani, kati ya pikipiki kuzima na kuiwasha tena, moyo wangu ulikuwa na furaha isiyofaa kwa mtu anayekwenda msibani. Kwa mara ya kwanza wangenisikiliza mimi. Nilikwishaanza kuona ukurasa wa jarida hili wenye jina langu juu.

Nilipoingia uani, watu wote walitazama nyuma yangu. Walitazama kile kiti kitupu, kisha barabara, kisha mimi. Turubai zilikuwa mbili, katekista chini ya moja, mwinjilisti chini ya nyingine, vitabu vimefungwa. Bibi Medius alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni. Hata salamu hakunipa.

"Kezironi iko wapi?"

Nikamwambia mgongo unamsumbua, daktari amekataa.

"Na wewe umekuya bila yeye," akasema. "Sasa Bakatoliki, nani atabasemea?"

 Crispus ndiye aliyemjibu. "Baba Blasio ni mutu yetu. Akitusemea, ndugu yangu atasema ni sisi tumemuleta. Akisemea bale ya chini, sisi tutabaki bila mutu." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Wapo walioanza kusema bora tumngoje Kezironi apone, na maiti ingesubiri. Nilisimama katikati ya uwanja ule na ufunguo mkononi, nikamwonea Kezironi wivu mkali kuliko siku zote, na papo hapo nikatamani awepo. Jifya moja haliinjiki chungu. Mimi ndiye niliyebaki jifya moja mbele ya watu.

Bibi Medius akainuka. Aliingia ndani, akatoka na kofia ya marehemu, ile nyeusi aliyovaa sokoni. Akavuta kiti, akaketi kunielekea, akaiweka kofia gotini, akakohoa kidogo. 

"Leo mimi ni Kezironi," akasema. "Blasio, simama, semea kanisa yangu. Mimi nitasemea ya muzee."

Nikasimama. Nikasema lile ambalo desturi yetu inanitaka niseme: kwamba mtu huzikwa pale jioni ya maisha yake ilipomkuta, kwamba Jumapili zake za mwisho Mzee Thembo hakukaa nyumbani, alikaa benchi moja na mkewe kanisa la chini, akaimba nao, kwamba aliyeimba na watu ni haki azikwe na hao watu. Niliona Bright akiitikia kwa kichwa, ameridhika, na mwinjilisti akakifungua kitabu chake.

"Aliimba mubaya," akasema Medius.

Watu wawili watatu wakacheka, wakajiziba midomo.

"Sikia," akaendelea, na hapo kicheko kikaisha. "Huyu muzee, baba yake analala pale juu. Mama yake, pale juu. Alibatizwa kule na hakutoka. Mimi ndiye nilimukokota kwa kanisa yangu, juu ya mguu wake, ulikuwa unauma, na kanisa yangu iko karibu, ya kwao iko mbali ng'ambo ya kijito. Hakukuya juu ya dini. Alikuya juu ya mguu."

Nikajibu kwamba mguu hauimbi wala hausali, kwamba moyo ndio unaochagua benchi. Nilikuwa nimeshasahau kwamba naongea na mfiwa. Akaniambia kwamba moyo wa mume wake anaujua yeye kuliko mimi. Nikamwambia mke hawi shahidi wa kanisa ambalo si lake. Akanipungia kidole, kwa mtindo ule ule, na kwa sauti ile ile: "Ndugu Blasio, unajua kusoma, kusikia hujui."

Damu ilinipanda kama siku zote. Nilianza kujibu, nikaona macho yake yamejaa machozi huku mdomo unatabasamu, na kidole bado kiko hewani. Bright alikuwa ameinuka.

"Mama, wacha," akasema. "Ya mguu sikujua."

Akachukua jembe, akateremka kwenye shamba la kahawa, akaanza kurudishia udongo kwenye kaburi alilochimba mwenyewe. Crispus akamkimbilia akamshika mkono. Kila mtu kwetu anajua kwamba kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, maana litatafuta mtu wa kulijaza. Wakateta kidogo kwa sauti ya chini. Kisha wakaenda migombani wote wawili, wakakata mgomba mmoja, wakaubeba begani, mmoja mbele mmoja nyuma, wakaulaza kwenye kaburi la chini na kulifunika. Baba yao walimzika juu, kando ya babu. Katekista aliongoza sala, mwinjilisti akasoma neno, na turubai moja ikashushwa ili miti yake isaidie kubeba jeneza.

Mtagundua kwamba mimi nilishindwa. Niliwasemea Waprotestanti, na kaburi la Wakatoliki ndilo lililoshinda. Hata asipokuwepo, Kezironi ananishinda, na safari hii kwa kofia ya mtu mwingine.

Chakula kilipikwa kwenye masufuria ya mstari mwekundu na ya mstari wa buluu, yakiwa kwenye moto mmoja. Bibi Medius aliniletea sahani yangu mwenyewe, akakaa kando yangu. Nilimwomba radhi kwa yale maneno ya shahidi. Akasema hapana, bila hasira ile watoto wasingesikia. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile.

"Mahubiri yenu tulisahau zamani. Sisi tulikuwa tunabaangalia tu. Munagombana hapa mbele yetu, muko na hasira ya kweli, tunasema leo hawa bataachana. Halafu munapanda pikipiki moja. Ni ile tulikuwa tunangojea kuona. Kama mutaenda pamoja."

 Kwa miaka ishirini na miwili nilidhani kile kiti cha nyuma ni cha mtu asiyehesabika.

Jioni nilipita nyumbani kwa Kezironi. Mke wake, Mama Kemigisha, alinipa chai akaniingiza chumbani. Kezironi alikuwa amelala chali juu ya ubao ambao daktari aliagiza, viatu vyake vinang'aa chini ya kitanda kama kawaida. Nilimsimulia yote: makaburi, kofia, mguu, mgomba. Alisikiliza akitazama dari.

"Walicheka?" akauliza.

Nikasema walicheka.

"Alipopunga kidole, walicheka au walilia?"

Nikasema yote mawili. 

"Kofia aliiweka goti gani?"

"La kushoto."

"Mimi huweka la kulia," akasema, akageukia ukutani.

Ndugu wasomaji, nilimjua mtu yule kwa mgongo kuliko kwa uso, na mgongo ule ulikuwa na wivu. Alinionea wivu mimi, Blasio, mwenzake. Wenye imani kubwa watanisamehe nikisema kwamba sijawahi kunywa chai tamu kama ile. Baada ya muda akauliza, bado kaelekea ukuta, pikipiki nimeizima mara ngapi. Nikamdanganya kwamba haikuzima hata mara moja. Akacheka kwa shida kwa ajili ya mgongo, akasema klachi imemsaliti.

Kwa niaba ya misheni, ya makanisa yote mawili, ya akina mama wa mstari mwekundu na wa mstari wa buluu, ya wakulima wa Mubuku na ya afande ambaye bado analala Jumapili, tunamshukuru Ndugu Kezironi kwa kazi yake. Tunamshukuru na Mama Kemigisha, ambaye alimvumilia akiimba nyumbani pia. Nafasi ya Kezironi itashikwa na Bi Akumu, Mprotestanti aliyelelewa kambini, ambaye ameshaniambia kwamba nikimsemea vibaya atanijibu vibaya. Nilikuwa nimetegemea kwamba sasa ufunguo utakuja kwangu. Lakini leseni anayo yeye, na anaendesha vizuri. Nitaendelea kukaa nyuma, na siku hizi sikionei haya tena kiti kile.

Ndugu Kezironi anahamia Mubuku, kwenye shamba dogo la mpunga alilokodi. Nimelitembelea. Lina mfereji mzuri na kivuli kidogo, na jirani ni mzee mmoja Mkatoliki, mbishi, mwenye pikipiki mpya. Walikuwa wameshaanza kubishana juu ya zamu ya maji kabla sijaondoka, na niliona jinsi Kezironi alivyoivua kofia na kuiweka gotini, la kulia, kwa raha yote.

Nenda salama, ndugu yangu. Mungu akupe mgongo mpya, mvua kwa kiasi na mpunga mzito. Kula unono wa kazi ya mikono yako, na masufuria yako yasirudi matupu kamwe. Gombana na jirani yako huyo kadiri utakavyo. Ila pikipiki yake, nakuomba, usiipande.